Sinia la Vikombe Vinane

Tk.
Katikati ya neno "moyo", tk,
kama kijiti kilichokanyagwa gizani.
Shangazi Mwanatumu anaghani, mimi nanasa,
dirisha la Mkomani nimeliziba kwa godoro
punda wasituingilie na mashairi yao.
Saa nzima ya utenzi aliorithi kwa mamaake,
na ndani yake tk kumi na saba.
Nimezihesabu.

Programu ni huria, anayetaka na aifungue.
Nikaifungua kama saa ya ukutani,
usiku, mbu mguuni.
Ndani nikakuta nyuzi mbili:
mmoja hupokea sauti kutoka kinasani,
wa pili huipeleka ikahifadhiwe,
na kati yao duara la nafasi, za kujazwa na kumwagwa.
Zamani palikuwa na kufuli.
Anayeandika afunge, anayesoma angoje mlangoni.
Lakini sauti si mgeni wa kupiga hodi mara tatu;
ikikuta komeo, inakwenda zake.

Wakaling'oa kufuli. Wakasema: ibaki adabu.

Adabu gani, nilielewa asubuhi Langoni,
Aboud Famau alipotua sinia lake.
Vikombe vinane vya kahawa tungu, kwa duara.
Yeye anamimina akienda mbele,
sisi tunakunywa tukimfuata.
Hajazi kisichonywewa.
Hatuinui kisichojazwa.
Hakuna amshikaye mwenziwe mkono,
hakuna asemaye ngoja;
macho yake kwenye vidole vyetu, yetu kwenye mdomo wa dele.
(Na ni vinane, si saba wala tisa:
mashine hupenda nambari inayokatika nusu kwa nusu
hadi ibaki moja.)

Basi kosa liko wapi?
Laptopu yangu ilikesha bila doa.
Tk ilikaa kwenye kile kikompyuta cha kunasia,
cha bei ya kilo tano za kamba.
Kichakataji chake kina pupa:
kikiona kazi mbili hazijafungamana
hutanguliza iliyo nyepesi.
Aboud wa humo ndani alikuwa akisema "tayari"
kahawa ingali hewani,
na msomaji, masikini mwaminifu,
anainua kikombe, anakunywa mashapo ya duru iliyopita.
Tk ndiyo hiyo. Jana ndani ya leo.

Dawa ilikuwa maneno mawili.
Kwa mwandishi: mimina, ndipo utangaze.
Kwa msomaji: sikia tangazo, ndipo uinue.
Nikakuta pia hesabu zao zimelazwa mkeka mmoja,
huyu akijigeuza, yule anashtuka.
Nikamtandikia kila mmoja wake.

Tuomas, msimamizi, wa mji wenye theluji,
akaniandikia: ushahidi?
Nikaanzisha jaribio la saa kumi na mbili.
Saa ya sita umeme ukakatika mji mzima.
Nikaanza upya. Ukakatika.
Mara ya tatu niliazima betri ya boti ya binamu Shekuwe,
akanung'unika hadi alfajiri.
Sampuli bilioni mbili na ziada,
haikupotea hata moja.
Tuomas akajibu neno moja: Imeingia.

Sasa kuna mtu, sijui wapi,
ananasa kicheko cha mwanawe
na hajui kuna kitu hakukisikia.

Tukarudia utenzi. Godoro dirishani.
Nikasikiliza mpaka masikio yakawaka.

Tk.

Moja. Si katikati ya neno; pale anapovuta pumzi.
Siku tatu nikapekua msimbo, mstari kwa mstari,
nikamshuku Tuomas, nikashuku betri,
nikajishuku.
Mwisho nikamvika shangazi vipokea sauti.
Akafumba macho. Akacheka.
Akaniinulia kidole chenye subana ya shaba,
kofia aliyoidarizi huku akighani ingali mapajani.

"Hapo uzi ulikwama," akasema,
"nikausukuma."

Ningeweza kuifuta. Ni kazi ya kidole kimoja.
Nikaondoa godoro dirishani.